Masikio tu?

Kwenye harusi ya binamu yangu, Tanga, mjomba alinidaka kabla sijaifikia sahani ya pilau. Alikuwa amesikia kwamba nimerudi kutoka masomoni, tena. Akanikalisha pembeni yake, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Udaktari miaka mitano. Ule wa mazoezi mmoja, sita. Ubingwa mitatu, tisa. Sasa huko India miwili. Kumi na moja! Ya nini yote hiyo, mwanangu?"

"Masikio, mjomba."

Akatazama huku na huku kama mtu anayeona haya kwa niaba yangu. "Masikio tu?"

Meza nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka nao maana pilau ilikuwa inapoa. Lakini swali lile nilirudi nalo Dar. Ni kweli, masikio tu. Na baada ya miaka yote hii ya kufundisha, na ya kuinamia hadubini mpaka shingo inakufa ganzi, bado nakutana na sikio linalonifanya nijione mgeni mjini.

Hapa naandika jibu ambalo ningempa mjomba kama muziki usingekuwa juu vile. Ni refu kidogo, na katikati yake yumo Mmarekani mmoja ambaye sikuwahi kumwona kwa macho.

Weka kidole nyuma ya sikio lako, bonyeza. Kile kinundu kigumu ni sehemu ya mfupa wa panja. Kwa nje hauna maajabu. Kwa ndani umetobokatoboka kama sega la asali, na ukizidi kuchimba kuelekea katikati ya kichwa unafika sehemu ngumu ajabu, ambayo wataalamu wa kale wa anatomia waliipa jina la jiwe. Ndani ya jiwe hilo Mungu ameficha konokono ya kusikia, yenye mizunguko miwili na nusu, na mifereji mitatu inayotuweka sawa tusianguke. Nje kidogo ya hapo vimening'inia vile vijifupa tulivyokariri shuleni: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina milimita 3 hivi, na hakuna mfupa mdogo kuliko huo mwilini. Sasa angalia majirani. Juu umelala ubongo. Nyuma unateremka mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani. Mbele unapanda mshipa unaoupelekea ubongo damu. Eneo zima tunalochimba halizidi sana kiberiti.

Na katikati ya msongamano huo inapita neva ya saba, neva ya uso. Unene wake ni kama milimita 1. Inasafiri ndani ya mfupa kwa takriban sentimita 3, ikikata kona mbili, kabla ya kutokea chini ya sikio na kutawanyika usoni. Ndiyo inayofumba jicho, inayokunja paji, inayozuia chai isichuruzike pembeni ya mdomo. Ikiharibika, uso unaporomoka upande mmoja, na jicho la upande huo linabaki wazi hata mtu akiwa usingizini.

Ndiyo maana mpasuaji wa masikio akikwambia analala usingizi mnono usiku wa kuamkia upasuaji, mwangalie mara mbili.

Mimi niliiharibu. Si kwa kuikata, lakini niliiharibu.

Nilikuwa bado nasomea ubingwa, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mgonjwa alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, muuza vitenge. Alitokwa usaha sikioni tangu utotoni, kama walivyo watoto wengi tu huku kwetu ambao nyumbani huambiwa "ataacha akikua". Usaha wake haukuacha. Ulizaa kolestiatoma, yaani ngozi inayoota ndani ya sikio mahali isipotakiwa, ikawa inakula mfupa taratibu kama mchwa. Dawa haitibu hiyo. Inabidi kuchimba na kuitoa yote.

Niliachiwa drili. Nilikuwa nimesoma vizuri, naijua ramani kwa kichwa, na kitu kimoja nilichokuwa nimejiapiza ni kutoikaribia neva ya uso. Kwa hiyo nikachimba nikizunguka mbali na pale nilipodhani ipo. Nikidhani. Damu ilikuwa inanisumbua, maji ya kupoza mfupa yalikuwa machache kuliko inavyotakiwa, na drili isiyopozwa vizuri inachemsha mfupa na kila kilichomo ndani yake. Kolestiatoma ilitoka. Nikafunga kidonda nikiwa na furaha ya kijinga.

Jioni mama yake alinifuata koridoni. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anavyouliza bei.

"Daktari, mbona mwanangu anacheka upande?"

Tulisubiri kidogo kuona kama ni ganzi ya sindano haijaisha. Haikuwa ganzi. Profesa wangu akarudi naye thieta usiku ule ule, nami nikashika kifyonzeo. Alichimba taratibu sana, kwa kichwa cha drili cha almasi, maji yakitiririka muda wote, akiufanya mfupa uwe mwembamba mpaka ukawa kama ganda la yai. Halafu nikaiona: mstari mweupe wenye wekundu kwa mbali chini ya ganda lile. Sehemu moja ganda halikuwepo kabisa. Hapo neva ilikuwa wazi, imevimba, imeungua, lakini nzima. Ilikuwa milimita chache kutoka pale nilipokuwa nimechimba kwa kujiamini.

"Hukuiona?" akaniuliza bila kuinua macho kwenye hadubini.

"Nilikuwa naikwepa, Prof."

"Unakwepaje kitu ambacho hujui kilipo?"

Hakusema zaidi. Wiki iliyofuata akaniwekea mezani bahasha la makala zilizonakiliwa, karatasi zimeshageuka njano. Nyingi zilikuwa za mtu mmoja: William F. House.

House alizaliwa Missouri mwaka 1923 na kukulia California, baba yake daktari wa meno, na yeye mwenyewe akaanza kwa kusomea meno kabla ya kurudi darasani kusomea udaktari wa binadamu. Hilo la meno watu hulitaja kama kichekesho, lakini mimi naona ndiyo siri yenyewe. Daktari wa meno kazi yake ni drili, maji na kufyonza, siku nzima, ndani ya tundu dogo lenye mate na ulimi unaocheza. Wapasuaji wa masikio wa zamani walikuwa wanatumia patasi na nyundo, nyundo kweli si ile ya sikioni. House akaingia Los Angeles katikati ya miaka ya 1950, kwenye kliniki ya kaka yake wa baba mmoja, Howard House, ambaye tayari alikuwa mpasuaji wa masikio mwenye jina na alishaanzisha taasisi ya utafiti tangu mwaka 1946. Bill, kama walivyomwita, akaja na mazoea ya drili na maji.

Akaja pia na hadubini. Mswidi Carl-Olof Nylén alishaitumia kwenye upasuaji wa sikio tangu mwaka 1921, na kampuni ya Zeiss ikatoa hadubini nzuri ya thieta mwaka 1953, lakini wapo wakubwa wengi walioona ni anasa. House akaona ni macho. Usiku akawa anakwenda chumba cha maiti cha kaunti ya Los Angeles, anachimba mfupa mmoja wa panja baada ya mwingine, anatafuta njia. Nikisoma habari hiyo huwa nafikiria harufu ya mfupa unaochimbwa. Asiyewahi kuisikia, ni kama kwato ya ng'ombe inayoungua kwa mbali. Unarudi nayo nyumbani kwenye nywele.

Njia ya kwenda wapi? Hapa ndipo masikio tu yanapoacha kuwa masikio tu.

Kuna uvimbe unaoota kwenye neva ya nane, ile ya kusikia na ya usawa, pale inapotoka kwenye ubongo na kuingia kwenye mfupa wa panja. Si saratani. Unakua polepole, na mwanzo wake ni mdogo wa kudharaulika: sikio moja linapungua kusikia, linavuma, simu unaanza kuihamishia upande wa pili bila kujua. Ukiachwa unakua mpaka unasukuma shina la ubongo, na mtu anakufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapasuaji walikuwa wanaufuata kwa kutoboa fuvu nyuma, kusogeza ubongo pembeni, na wengine kuuchomoa kwa kidole. Wagonjwa wengi walikufa. Harvey Cushing, baba wa upasuaji wa ubongo Marekani, aliandika kitabu kizima juu ya uvimbe huu mwaka 1917, na akaokoa maisha kwa kukomba uvimbe kutoka ndani na kuliacha ganda lake. Mwanafunzi wake wa zamani, Walter Dandy, akathubutu kuutoa wote. Hata hivyo, wakati House anaanza kazi, bado huu ulikuwa upasuaji wa kutisha, na uso wa mgonjwa ulihesabiwa kuwa umeshapotea. Mara nyingi ushauri ulikuwa kungoja mpaka uvimbe uwe mkubwa, ndipo hatari ya kupasua iwe na maana.

House akauliza swali ambalo mtu wa masikio tu ndiye angeuliza. Neva ile inaishia ndani ya mfupa wangu. Kwa nini nisiingie kwa mlango wangu mwenyewe?

Akaingia kwa milango miwili. Mmoja ni wa juu, kwa kuunyanyua ubongo kidogo na kuuchimba mfupa kutoka darini, ambao kwa uvimbe mdogo unaweza kuacha mtu akisikia. Wa pili unapita katikati ya sikio la ndani lenyewe. Mjerumani aitwaye Panse alishalipendekeza wazo hilo mwaka 1904, lakini bila hadubini wala drili nzuri halikuwa na maisha. Mlango huu una gharama, na House hakuificha: ukichimba mifereji ya usawa ili upite, sikio hilo halitasikia tena kamwe. Unanunua uhai na uso kwa sikio. Lakini ukifika mwisho wa njia hiyo, kabla hujagusa uvimbe hata kidogo, unakutana na neva ya uso mahali ambapo uvimbe haujaivuruga. Kuna kiukuta kidogo cha mfupa kinachoitenga na neva ya usawa iliyo jirani yake. Duniani kote, kuanzia Tokyo mpaka Cairo, kiukuta hicho kinaitwa "Bill's bar", yaani kizuizi cha Bill. Ndiye yeye. Unakigusa kwa ncha ya ndoano, unakihisi, na unajua: mbele yake kuna ya saba.

Kwa hiyo hakuikwepa. Aliitafuta kwanza, akaijua, ndipo akaanza kazi. Niliposoma ukurasa ule nilifunga bahasha nikatoka nje kuvuta hewa, maana nilikuwa namwona muuza vitenge wangu.

Wapasuaji wa ubongo hawakufurahi. Mtu wa masikio anaingia kwenye fuvu, tena aliyeanzia kwenye meno! Ukishawahi kukaa kwenye kikao cha idara mbili zinazogombania mgonjwa mmoja, huhitaji kuelezwa zaidi. House akapata mwenzake, mpasuaji wa ubongo William Hitselberger, aliyekubali kusimama naye meza moja, na mwaka 1964 akachapisha matokeo kwa marefu na mapana. Kilichowanyamazisha wapinzani ni wagonjwa kutoka hospitali wakitembea. Leo hakuna kituo kikubwa cha upasuaji wa sakafu ya fuvu ambapo hao wawili, wa masikio na wa ubongo, hawafanyi kazi pamoja, ingawa kugombana kunaendelea kama desturi.

Ngoja niseme jambo moja la pembeni. Kila siku kliniki tunapima uso wa mgonjwa kwa madaraja 6 ya House na Brackmann, yaliyochapishwa mwaka 1985. Wanafunzi wangu wote huapa kwamba House huyo ni Bill. Siyo. Ni John House, mtoto wa Howard. Familia ilikuwa na masikio ya kutosha kugawana.

Kisa cha House kinachopendwa zaidi ni cha mwezini. Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 1961, alizuiwa kuruka miaka michache baadaye kwa sababu ya kizunguzungu cha ugonjwa wa Ménière: dunia inazunguka, sikio linavuma, tumbo linageuka. Mwaka 1968 akaenda Los Angeles kimyakimya, akajiandikisha hospitali kwa jina la bandia, na House akamwekea kijimrija cha kupunguza majimaji ya sikio la ndani. Akapona, akarudishiwa ruhusa ya kuruka, na mwezi wa Februari 1971 akatua mwezini na Apollo 14, akapiga na mipira ya gofu.

Kisa kitamu. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu analipwa kuharibu visa vitamu. Mwaka 1981 madaktari wa Denmark walichukua wagonjwa 30 wa Ménière. Nusu wakawafanyia upasuaji wa mrija, nusu wakawachimba mfupa wa nyuma ya sikio tu bila kugusa kifuko chenyewe cha majimaji ya sikio la ndani, na mgonjwa hakujua yuko upande gani. Wengi wa pande zote mbili walipata nafuu, na tofauti ilikuwa ndogo. Wataalamu wamebishana kuhusu utafiti ule mpaka leo. Lakini kila mwaka nikifundisha somo hili, naanza na Shepard, naona macho ya darasa yanang'aa, halafu nawapa Wadenishi. Kimya kinachofuata nakipenda kuliko makofi.

Kazi ya mpasuaji wa chuoni, kama mnataka kujua, ni hiyo zaidi kuliko thieta. Mjomba anadhani nashinda nimevaa barakoa. Siku ya kawaida nina wagonjwa asubuhi, wodi, wanafunzi wanaosubiri sahihi, makala iliyorudishwa mara ya tatu na msomaji asiyetaja jina lake, na fomu ya kupandishwa cheo inayotaka kujua nimeandika nini miaka mitatu iliyopita, wala haiulizi ni nani sasa anasikia. Jumamosi tunachimba. Mifupa ya binadamu ni michache na ina heshima yake, kwa hiyo wanaoanza wanaanza na mbuzi. Tunatuma mtu Vingunguti alfajiri akanunue vichwa. Safari ya kwanza muuzaji alimuuliza kama tuna shughuli, mbona hatuchukui na miguu? Vijifupa vya sikio la mbuzi vinafanana na vyetu kiasi cha kumfundisha kijana mkono utulie. Wasiotulia nawaambia wakapike supu, angalau kichwa kisipotee bure.

Kuna sauti ambayo haiwezi kuandikwa kwenye makala. Drili ikiwa kwenye mfupa mnene inanguruma. Mfupa ukianza kuwa mwembamba, mlio unapanda, unakuwa mwepesi, kama mtungi unaokaribia kujaa maji. Ukiusikia mlio huo, punguza mkono. Nimejaribu kuueleza darasani nikashindwa. Unakaa na mwanafunzi bega kwa bega, unangoja, unamwambia: "Huo. Umeusikia?" Ajabu ni kwamba tunaokoa masikio ya watu kwa kutegemea ya kwetu.

Narudi kwa House, maana sehemu iliyobaki ndiyo inayonigusa kama Mtanzania.

Mgonjwa mmoja alimletea kipande cha gazeti. Huko Paris, mwaka 1957, André Djourno na Charles Eyriès walikuwa wamempandikizia kiziwi waya wa umeme kwenye neva ya kusikia, na mtu yule akasikia kitu. Si maneno kama tunavyoyajua, ila sauti, na baada ya mazoezi maneno machache. House akafanya yake mwaka 1961. Wagonjwa wakasikia, lakini mwili ukavikataa vifaa, navyo vikatolewa. Akangoja miaka. Akarudi mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa na fundi stadi, Jack Urban, wakatengeneza kifaa cha waya mmoja ambacho mtu anaweza kuvaa akaenda nacho nyumbani.

Wanasayansi walimshukia. Konokono ya sikio ni kama kinanda, kila sehemu na noti yake, na neva zake ni maelfu. Wewe unakuja na waya mmoja? Mwaka 1977 ikatoka ripoti ya Robert Bilger na wenzake, waliowapima watu 13 waliopandikizwa vifaa vya waya mmoja. Ilisema kweli mbili. Kwamba hakuna aliyeelewa mazungumzo kwa kifaa peke yake. Na kwamba pamoja na hayo vinawasaidia: wanasoma midomo vizuri zaidi, wanaidhibiti sauti yao wenyewe, wanajua mlango umegongwa. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikaidhinisha kifaa cha House kwa watu wazima. Kilikuwa cha kwanza.

Kikapitwa haraka. Graeme Clark huko Melbourne, na Ingeborg na Erwin Hochmair huko Vienna, walishatengeneza vya nyaya nyingi mwishoni mwa miaka ya 1970, na hivyo ndivyo vinavyomwezesha mtoto leo kuongea na simu. House, akiwa mzee, aliendelea kukitetea chake. Hoja yake ilikuwa kwamba ni rahisi, ni cha bei nafuu, kwa hiyo kiende kwa maskini wa dunia.

Yaani kwetu.

Nimeipindua hoja hiyo kichwani mara nyingi. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, vya nyaya nyingi, na nimekaa na wazazi siku kifaa kinapowashwa. Mtoto anashtuka, anamtafuta mama kwa macho, wakati mwingine analia kwa hofu, na ukumbi mzima unalia naye kwa sababu nyingine. Siwezi kumtazama mzazi yule na kumwambia mwanao anatosha na waya mmoja kwa sababu anatoka Nachingwea. Hapo House alikosea, na nadhani alikosea kwa mapenzi ya kitu alichokizaa.

Lakini swali lake la bei halijafa. Nawajua watoto waliopandikizwa, waya wa nje ukakatika, na kifaa kikakaa kabatini miezi wakati familia inachanga. Kinahitaji betri, marekebisho, na mwalimu wa kuongea mara kwa mara kwa miaka, na walimu hao wako mijini. Baba anapanda basi kutoka Kigoma na mtoto kwa ajili ya nusu saa ya marekebisho. Na wapo viziwi wakubwa, wenye kazi zao na lugha yao ya alama, wanaoniuliza kwa mikono yao nani alisema wana tatizo. Nimejifunza kunyamaza mbele ya swali hilo. Mimi mwenyewe lugha ya alama naijua ya salamu tu, na ninaona aibu kuliandika hili.

House alifariki Desemba 2012, nyumbani kwake Oregon, akiwa na miaka 89. Mwaka uliofuata tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba huko Marekani, ilipotolewa kwa kifaa cha usikivu, waliitwa Clark, Ingeborg Hochmair na Blake Wilson. Sina ugomvi na majina hayo. Ila siku ile nilimkumbuka Bill na chumba chake cha maiti.

Muuza vitenge aliendelea kuja kliniki. Mwezi wa tatu uso haukutikisika. Tulimfundisha kulilinda jicho, matone mchana, plasta usiku. Mwezi wa tano kona ya mdomo ikacheza, mama yake ndiye aliyeiona kwanza, wakiwa jikoni. Baada ya hapo ikawa inarudi kidogo kidogo, kama umeme wa mgao.

Mara ya mwisho alikuja peke yake, na mfuko wa vitenge, akaniwekea viwili mezani nichague. Nikamkalisha kwenye mwanga.

"Fumba macho." Akafumba. La upande ule lilihitaji kukazwa, lakini lilifumba.

"Nyanyua nyusi. Onyesha meno. Haya, cheka."

Akacheka, na jicho likajifumba kidogo lenyewe, kwa sababu neva ikishaungua na kuota upya, nyuzi zake zinachanganya njia: ya mdomo inaenda kwenye jicho.

"Hilo nalo litaondoka, daktari?"

"Hapana. Hilo nadhani litabaki."

Akaupokea ule ukweli, akakunja kitenge kimoja upya, akakilaza vizuri. "Wateja wanadhani nawakonyeza," akasema. "Wanaume wananunua mpaka vya wake zao."

Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye faili: House-Brackmann, daraja la tatu. Nikachagua cha kijani.